Kabla Hujaketi Kwenye Sinia la Mama Yako

Zuwena mwanangu,

Barua huandikwa na mtu aliye mbali. Mimi nipo chumba cha pili kutoka chako, begi lako naliona limesimama ukumbini, na bado nimeona niandike. Umekwenda mtaa wa Azaiba kuagana na shangazi zako. Utarudi umeshiba biriani na nasaha, na mimi nikisema nikungoje nikwambie kwa mdomo, nitaishia kuzungumza habari za uwanja wa ndege. Najijua.

Ya pasipoti, dawa za mbu na koti la mvua shangazi yako Asya ameshakueleza mara saba, siongezi. Nina jambo moja tu, nalo si zuri, na ukishalisoma huenda usirudi tena katika nyumba hii. Nalijua hilo kabla sijashika kalamu. Ningeweza kunyamaza ukaenda kulisikia huko huko kwa mama yako, kama sauti bado anayo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo, mwanangu, kimeshakaa kitako kule unakokwenda.

Niruhusu nianzie kwenye chakula, maana yote yalianzia hapo.

Soko la matunda la hapa Maskati lilipokuwa bado Mawaleh, nilikuwa mnunuzi wa tajiri mmoja aliyeleta matunda kutoka nje. Mwaka huo akanituma Vietnam kutafuta lichi. Lichi unazijua, ndugu yake shokishoki asiye na nywele. Kijiji chenyewe kilikuwa kaskazini, mwendo wa nusu siku kutoka mji mkuu wao, na hakikuwa na hoteli wala gesti. Mkulima mmoja mwenye miti mingi akanipa chumba kwake. Huyo ndiye babu yako.

Mimi nilikwenda na begi zima la tende, makopo ya jodari na halwa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kule nguruwe anaingia hata kwenye supu ya mgonjwa, basi nikaapa sitatia kitu cha mtu mdomoni. Siku ya kwanza saa ya chakula nikatoka nje, nikaketi nyuma ya nyumba karibu na bwawa, nikafungua kopo langu nikawa nachota jodari kwa kidole. Babu yako akanifuata. Akanitazama, akalitazama kopo, akarudi ndani. Nikadhani nimemwonyesha msimamo.

Kesho yake alfajiri bibi yako alikwenda sokoni akarudi na sufuria mpya, kisu kipya na ubao mpya wa kukatia. Akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa sufuria. Akaniita jikoni, akanionyesha kimoja kimoja kwa ishara, kisha akanionyesha ukutani alipovitundika, mbali na vyombo vingine. Hakuwa na neno moja la lugha yangu, wala mimi lake. Miezi miwili niliyokaa pale sikuona hata mtoto akiigusa ile sufuria kwa bahati mbaya.

Nilikula, Zuwena. Sijala hivyo tena mpaka leo, na mimi ni mtu niliyezunguka na matunda mazuri maisha yangu yote. Katika nyumba ile hakuna kitu kilicholala. Samaki saa kumi za jioni alikuwa anaogelea bwawani, magharibi yupo sahanini na bizari na majani ya kitunguu. Mboga ya majani inaota yenyewe mtaroni, wanaichemsha dakika mbili, na yale maji yake wanayakamulia ndimu wanayanywa kama mchuzi. Wana mlenda kama wetu, lakini wao wanaupika na kaa wadogo wa mashamba ya mpunga, wanawaponda kwenye kinu mpaka wanakuwa maziwa. Wana vibiringani vidogo vyeupe vya chumvi ambavyo ukitafuna vinalia. Friji walikuwa nayo, tena kubwa, na ndani yake kulikuwa na maji ya baridi na barafu ya kuwekea lichi. Nilimwuliza mama yako mbona hawaweki akiba ya samaki. Akaniuliza, kwani bwawa linahama?

Na wanakula kama sisi. Hili ndilo lililonimaliza. Mkeka chini, sinia la duara katikati, watu sita wamelizunguka, kibakuli kimoja cha maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi na kila mtu anachovya humo humo. Tofauti ni vijiti tu na bakuli la wali mkononi. Nikasema hawa ni watu wetu waliopotea njia.

Lakini kabla ya kula wana jambo lao. Mdogo kabisa ndiye anayeanza. Anakaribisha wakubwa wote mmoja mmoja, kwa cheo cha kila mtu: babu karibu wali, bibi karibu wali, baba karibu wali, mama, kaka, dada, mpaka wamalizike. Kila anayetajwa anaitikia. Kisha anayemfuata kwa udogo naye anawakaribisha waliomzidi. Mpaka hapo hakuna anayeinua kijiti, hata awe ametoka shambani anatetemeka kwa njaa. Mimi usiku wa kwanza niliokula nao nilisema bismillahi nikapeleka mkono. Wote wakaganda. Mtoto wa mjomba wako, wa miaka minne, alikuwa bado anamkaribisha bibi yake, hajanifikia mimi. Mama yako alikuwa amekaa penye chungu cha wali, yeye ndiye mpakuaji, akajiziba mdomo kwa mwiko asicheke.

Ndipo nilipomwona. Kiingereza alijifunza kidogo kwenye ghala la lichi, akawa mkalimani wangu. Msimu wa pili nilikwenda nikiwa sina haja ya mkalimani tena, na bado nikamtaka. Msimu wa tatu tulifunga ndoa msikitini kule mjini, babu yako amevaa suti aliyoazima, mikono mirefu mpaka vidoleni.

Jina lake ni Lan. Nakuandikia kwa sababu humu ndani hukulisikia. Bibi yako wa hapa, mama yangu, alisema Lan si jina, akamwita Leila, nasi sote tukafuata, na mimi mumewe nikawa wa mbele.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, maana lile kubwa limezaliwa na hili. Ijumaa ya kwanza ya mama yako hapa Maskati, ukoo wote ulikuja kumwona bibi harusi. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa ananiomba nimfundishe maneno ya Kiswahili ya kukaribishia watu chakula. Nikamfundisha. Akayarudia bafuni, akayarudia kwenye gari, akitaka kila jina na cheo chake. Sikufikiri, wallahi. Kwetu sisi anayesema karibu ni mwenye chakula, na nyumba ile mwenye chakula alikuwa mmoja tu.

Sinia likatua, wali wa nazi na papa. Mama yako, mdogo wa pale kwa kuingia, akakaa vizuri akaanza: "Mama, karibu chakula. Baba, karibu chakula. Da Asya, karibu chakula."

Mama yangu akarudisha tonge sahanini. "Ebo! Mie nkaribishwe nyumbani kwangu, kwa chakula nlichokipika kwa mkono wangu? Na nani, huyu alokuja juzi?"

Asya akadakia, "Mwache, Mama, keshajiona mwenye nyumba."

Ukumbi mzima ukacheka. Sentensi moja tu ilitosha. Ningesema, kwao hivi ndivyo mdogo anavyowaheshimu wakubwa, na mama yangu, ambaye alikuwa mkali lakini hakuwa mwovu, angeitikia. Mimi peke yangu mle ndani nilikuwa nalijua lile jambo, na mimi nikacheka kuliko wote. Niliona haya, mwanangu. Nilimwonea haya mke wangu mbele ya ndugu zangu.

Naye hakuweza kukatiza, kwa sababu ukishaanza huwezi kumruka mtu, ni tusi. Akaendelea na uso umemwiva, jina baada ya jina, na hakuna aliyemjibu, na alipofika kwa ami yako Badar tulikuwa tumeshafika katikati ya sinia.

Alirudia kila Ijumaa, kwa sauti ndogo zaidi na zaidi, karibu mwaka mzima. Siku alipoacha nilimwambia Asya, "Alhamdulillahi, keshazowea." Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili. Nikuombe hili moja, si kama nasaha, ni ombi la mtu aliyeungua: mtu akiacha kukukaribisha usifurahi. Muulize.

Yaliyofuata mengine unayakumbuka mwenyewe. Unakumbuka jiko la mchina pale nyuma, karibu na tangi la maji, kwa sababu ule mchuzi wake wa samaki mama yangu hakuutaka jikoni kwake. Unakumbuka makopo ya samli aliyopandia majani yake, na jinsi Juni ilivyoyaunguza kila mwaka na kila mwaka akapanda tena. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wake wa sinia. Mlikuwa mnakula wawili pale kivulini, joto lile, na mimi napita na ufunguo wa gari mkononi, nasema "starehe" kama mpita njia. Nyumba ile ilikuwa yangu, Zuwena. Hakuna aliyenizuia kukaa.

Siku moja nilimpeleka sokoni Mawaleh nimtambie. Lichi zilikuwa zimeingia, tena za wilaya yao, maboksi yamepangwa mpaka juu. Nikamfungulia moja. Akaichukua lichi akaigeuza, ganda limeshakuwa kahawia, akainusa.

"Hizi zina siku ngapi?"

"Kumi na mbili. Ndizo bora sokoni."

"Hizi zishakufa, Nassor," akasema, akairudisha boksini taratibu, asimwudhi muuzaji.

Nilikasirika mpaka nyumbani. Nilidhani anaidharau biashara yangu.

Ulikuwa na miaka tisa babu yako alipougua. Mama yako akaomba akuchukue mwende pamoja, msimu wa lichi, ukamwone babu yako akiwa hai. Nikasema mtoto ana skuli. Skuli zilikuwa zinafungwa wiki ile ile. Ukweli nilikuwa na hofu kwamba ukishakaa kwenye mkeka ule hutarudi, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoondoka kule sikutaka kurudi huku. Akaenda peke yake. Mlangoni akaniambia, "Nikimaliza utakuja kunichukua."

Kwao mwanamke akienda kwa wazee wake mume humfuata, hata kwetu ni hivyo. Sikwenda. Nilimngoja aje mwenyewe. Mama yangu alisema aliyetoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake, na maneno hayo nikayafanya kivuli changu, lakini simsingizii marehemu. Tiketi nilikuwa na uwezo nayo na njia nilikuwa naijua.

Sasa nafika penyewe.

Wewe ulikua ukiamini kwamba mama yako hakupiga simu. Alipiga. Alipiga kila Ijumaa saa tisa za mchana kwetu, ambayo kwao ni saa kumi na mbili za jioni, sinia limeshatua mkekani. Mara ya kwanza alisema, "Nipe Zuwena. Wazee wamekaa. Nataka awakaribishe." Yaani wewe ndiye mjukuu mdogo, na zamu ya kuanza ilikuwa yako, na walikuwa wamekaa wote vijiti chini wanaisubiri sauti yako kwenye simu.

Nikamwambia umelala. Siku ile ilikuwa kweli.

Ijumaa ya pili hukuwa umelala. Ulikuwa sebuleni unachora. Nikasema umelala. Ya tatu nikasema uko chuoni, Ijumaa! Kisha nikaanza kuichukua simu naingia nayo chumbani. Nilikuwa nikijiambia kwamba akikukosa sana atarudi. Niliona kama nakuweka chambo, Mungu anisamehe, na sidhani kama inafaa anisamehe. Miezi minane, mwanangu, Ijumaa baada ya Ijumaa, na baadaye mjomba wako aliniambia kwamba kila Ijumaa chakula cha wazee kilipoa.

Siku ya mwisho alisema, "Niambie kweli. Hataki?"

Ndani nilikuwa nataka aseme anarudi.

"Nassor. Mtoto hataki kusema na mie?"

Nikasema, "Hataki."

Hakulia. Alisema "haya", kama mtu aliyeambiwa bei, akakata. Hakupiga tena. Na wewe ulikuja jioni ile ile ukaniuliza, "Baba, Mama kapiga?" Nikakujibu, "Hajapiga, kashughulika." Uliendelea kuniuliza mpaka ukafika miaka kumi na moja, halafu ukaacha kuniuliza, na mimi nikasema, keshazowea. Neno lile lile. Hata mwongo anatakiwa abadilishe maneno.

Basi ndilo hilo. Mama yako miaka kumi na tatu anajua kwamba mwanawe alimkataa, na wewe miaka kumi na tatu unajua kwamba mama yako alikusahau, na katikati hapakuwa na mtu mwingine ila mimi na simu.

Mtoto wa mjomba wako alipokuandikia mwezi uliopita kwamba mama yako ana uvimbe wa koo, nilikuona ulivyokaa kitandani na simu mkononi ukisema, "Sasa ndio wamenikumbuka?" Hapo ndipo ilinipasa niseme. Nikaenda kukuchemshia chai. Kisha usiku nikampigia mjomba wako nikamwomba nije na mimi. Akaenda kuuliza, akarudi. "Amesema usije." Ana haki. Mtu aliyemngoja mume mlangoni muda ule wote hawajibiki kumpokea sasa.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakwambia nilivyoambiwa. Wamemrudisha kutoka hospitali kwa sababu hawana la kufanya. Hamezi. Anapewa maji ya wali vijiko viwili, kimoja kinarudi. Katika nyumba ambayo mapenzi yao yote huyatia bakulini, yeye yumo chumba cha pembeni anasikia vyombo. Bibi yako, na umri wake ule, bado anakwenda sokoni alfajiri na bado anampikia kila siku, akijua haliwi. Mjomba wako amemkataza, hasikii.

Utafika, sinia litawekwa, watakukalisha. Mdogo ni wewe au mtoto fulani aliyezaliwa baadaye, sijui. Watakungoja. Maneno huyajui, kwa sababu mwalimu wake nilimfungia mlango. Utayavuruga. Na mama yako ukimkaribisha kutoka mkekani huenda asiitikie, ama kwa koo, ama kwa sababu hataki, na zote mbili zimetoka kwangu. Ukimwambia ukweli, sijui kama ana nguvu iliyobaki ya kuuamini. Huenda hata usimkute. Natafuta pa kukutilia matumaini humu, sipaoni, na nikipatunga nitakuwa nakudanganya kama nilivyomdanganya mama yako kwamba umelala.

Mwambie hata hivyo. Mpe barua hii. Kiswahili alikijua kuliko Kiarabu, alijifunza kwa mama yangu huku akitukanwa, na kama macho hayana nguvu msomee. Usipunguze kitu ili kunisitiri. Na wewe usije ukanisamehe kwa simu, kwa huruma ya mzee aliyebaki peke yake. Nnakupenda, na kukupenda huko ndiko kulikokuibia mama.

Moja la mwisho. Juzi ulipoiona tiketi ulisema wakala amekosea, hakuandika safari ya kurudi, nami nikakwambia nitashughulikia. Hakukosea. Nilimwambia akate ya kwenda tu. Alinitazama kwa ajabu, akaniuliza, "Binti yako harudi, mzee?" na mara ya kwanza katika maisha yangu nikasema sijui, sijamuuliza. Siku ukitaka kurudi nitaikata siku hiyo hiyo, na usipotaka sitamuuliza mtu sababu. Nilishakusemea mara moja kwamba hutaki. Safari hii kutaka na kutotaka ni kwako mwenyewe.

Baba yako,
Nassor